Kabla Hujamlipa Muuzaji wa Ng'ambo

Anayeanza kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo huuliza kwanza bei ya kipande kimoja, na muuzaji humjibu upesi kwa tarakimu inayopendeza. Nami nilianza hivyo hivyo. Tarakimu hiyo haikusaidii mpaka ujue inaishia wapi: mlangoni mwa kiwanda, melini, au ghalani kwako. Kwa hiyo ninawasihi walio wapya katika kazi hii waulize mapema kwamba bei waliyopewa ni ya masharti gani.

Masharti hayo yamo katika kanuni za kimataifa ziitwazo Incoterms, ambazo toleo lake la 2020 lina masharti 11, kila moja likiandikwa kwa herufi tatu. Ukiona EXW, muuzaji anakukabidhi mzigo kiwandani kwake, na kuanzia hapo kila gharama ni yako, pamoja na taratibu za forodha za kuutoa nchini mwake. Kwa mgeni sharti hili ni gumu, hata kama bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. FOB humtaka muuzaji aupakie mzigo melini katika bandari iliyotajwa. Inayowapotosha wengi ni CIF, kwani muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari ya kushushia, na mnunuzi hudhani kwamba mzigo ukiharibika baharini hasara si yake. Sivyo. Hasara humhamia mnunuzi tangu mzigo unapopakiwa, sawasawa na FOB, na bima ambayo muuzaji analazimika kuikata ni ya kiwango cha chini, ambacho kwa kawaida hakifidii wizi. Mimi huomba FOB, kisha humtafuta msafirishaji na kukata bima mwenyewe, maana hapo najua ninalipia nini.

Shehena yangu ya kwanza kwa ndege ilikuwa ya mito ya viti. Kila katoni ilikuwa na kilo 7, nami nikapiga hesabu ya nauli kwa kilo hizo. Lakini katoni ilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40, yaani sentimita za ujazo 96,000, na msafirishaji aligawa ujazo huo kwa 6,000, kama ilivyo desturi ya mizigo ya ndege, akapata kilo 16. Jibu hilo likizidi uzito wa mizani, ndilo linalotozwa. Faida yote iliishia kwenye nauli kabla sijauza hata mto mmoja. Tangu siku hiyo sikubali bei yoyote kabla ya kupewa vipimo vya katoni ya nje, idadi ya vipande vilivyomo na uzito wake ikiwa imefungwa.

Ushuru nao ukadiriwe mapema: mpe wakala wako wa forodha maelezo kamili ya bidhaa, akutafutie namba yake ya ushuru na kiwango kinachotozwa.

Viwanda vingi huomba asilimia 30 kwanza na 70 iliyobaki kabla ya mzigo kuondoka. Usilipe kianzio kabla hujaishika sampuli mkononi, na usimalize deni kabla mzigo haujakaguliwa ukilinganishwa na sampuli hiyo, kwa sababu fedha ikishakwenda huna tena cha kumshikia muuzaji. Ukipata barua pepe inayosema kwamba akaunti ya benki imebadilika, hata ikiwa imetoka katika anwani uliyoizoea, mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Matapeli huingia katika mazungumzo kama hayo na kusubiri siku ya malipo.

Kabla meli haijafika, omba nakala za ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena, uzisome pamoja mstari kwa mstari. Jina lako, idadi ya katoni na uzito vilingane katika zote tatu. Kosa la herufi moja husahihishwa kwa urahisi zaidi mzigo ukiwa bado baharini kuliko kontena likiwa limekaa bandarini huku gharama za kuhifadhi zikihesabiwa kwa siku.