Walimu wamerudi, watoto bado

Mgomo wa walimu ukiendelea, wasomaji waliniuliza shule zitafunguliwa lini. Umeisha, na sasa wanauliza mbona mtoto hataki kwenda, halali, hasemi. Nimechukua barua sita.

Wanangu wa miaka 8 na 14 wamezoea kulala saa sita usiku na kuamka saa nne asubuhi. Nawarudishaje? – Baba wa wawili

Anza na asubuhi, baba. Huwezi kumlaza kwa amri mtoto asiye na usingizi, lakini kumwamsha unaweza. Waamshe saa ileile kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na ufungue madirisha mwanga uwafikie. Kwa siku tatu nne watakuwa na kisirani; vumilia. Usiku, wahisha muda wa kulala kwa robo saa kila baada ya siku moja au mbili. Wataalamu wa usingizi hushauri saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 mpaka 18. Maana yake, kama mdogo huamka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu usiku awe ameshalala, si ndiyo kwanza anapiga mswaki. Simu zilale sebuleni, na yako pia.

Mwanangu yupo darasa la pili. Kila asubuhi tumbo linamuuma, na tukifika getini analia na kuning'ang'ania. Bibi yake anasema nimemdekeza. – Mama aliyechoka

Tumbo la hofu huuma kweli, kwa hiyo usimwite mwongo. Angalia linauma lini. Likiuma asubuhi za shule tu, na likapoa punde akiruhusiwa kubaki nyumbani, hiyo ni hofu. Likiuma hata siku za mapumziko, likimwamsha usiku au likija na homa, kamwone daktari kwanza.

Kumbuka huyu mtoto aliona nini. Sisi tulisikia habari za mazungumzo na madai. Yeye siku moja alikwenda darasani na mwalimu wake hakuwepo, basi. Kumbakiza nyumbani kutampa nafuu ya leo na kuikuza hofu ya kesho, kwa hiyo aende. Omba mwalimu mmoja, yuleyule kila siku, ampokee getini. Muage kwa ufupi, kwa maneno yaleyale, umwambie nani atamchukua na saa ngapi, kisha uondoke akikuona, usimtoroke. Na usichelewe kumchukua. Kwa wiki hizi za mwanzo, dakika kumi kwako ni foleni, kwake ni ushahidi.

Jioni mkiwa mmetulia, muulize kuhusu vyoo, kuhusu wanafunzi wakubwa, kuhusu fimbo. Pengine ana sababu isiyohusiana na mgomo hata kidogo. Bibi naye aombwe amsindikize mara moja ajionee.

Wanafunzi wangu wananiuliza, "Mwalimu, mtatuacha tena?" Nawajibu nini? – Mwalimu wa darasa la tatu

Usiwaahidi kwamba hamtagoma tena. Hilo haliko mikononi mwako peke yako. Waambie lililo kweli: "Watu wazima walikuwa na mgogoro kuhusu kazi. Haukusababishwa na ninyi. Leo nipo, kesho nitakuja, na kitu kikibadilika nikijua nitawaambia mimi mwenyewe." Hiyo sentensi ya pili usiiruke. Watoto wadogo hujitwisha lawama za mambo ya wakubwa na hawasemi. Yupo anayeamini mwalimu aliondoka kwa sababu darasa lilipiga kelele.

Baada ya hapo iache ratiba iwathibitishie. Iandike ubaoni kila asubuhi, ukikate kila kipindi kinapoisha. Ianze siku kwa jambo lilelile: wimbo, kuitana majina, hadithi fupi. Ukitaka kubadilisha kitu, wape taarifa kabla. Usifungue na mtihani. Wameshasahau mengi, na unaweza kuyajua kwa maswali ya mdomo na michezo. Mimi ningeitoa wiki nzima ya kwanza kwa haya, na mwalimu mkuu akinuna, anune.

Nina hasira na hao walimu, na watoto wananisikia nikisema. Kuna ubaya? – Mzazi mkweli

Upo. Ukimaliza kumtukana mtu usiku, asubuhi unamkabidhi mtoto kwa mtu huyohuyo. Yapeleke kwenye kikao cha wazazi.

Wakati wa mgomo binti yangu wa miaka 13 alikuwa anashinda kwa ndugu yangu nikiwa kazini. Sasa haongei, na nyumba ile ikitajwa anainuka na kuondoka. Naogopa kuuliza. – Mama

Uliza leo, dada yangu. Dalili hizo peke yake hazithibitishi kitu, lakini asirudi kule, hata kusalimia, mpaka ujue. Kaeni wawili. Mwambie umeona amebadilika, na kwamba lolote atakalosema halitakufanya umkasirikie. Kisha nyamaza. Usimtajie mtu, usimwekee maneno mdomoni. Usiahidi siri, maana huenda usiweze kuitunza. Ahidi kwamba hutachukua hatua bila kumweleza.

Akikwambia ameguswa au amelazimishwa, mwambie unamwamini na kosa si lake. Kama ni juzi au jana, asioge na nguo zisifuliwe. Nendeni hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku 5, na mapema ndiyo bora. Hata kama muda huo umepita, nendeni bado. Toa taarifa polisi na ustawi wa jamii. Ndugu watakuja na "tuyamalize kifamilia". Kataa. Kauli hiyo humlinda mkubwa.

Shule imetangaza masomo ya jioni na Jumamosi ili kufidia. Nikubali? – Mzazi wa darasa la sita

Kwa masharti. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, na alishaona kwamba kurudia kwa siku kadhaa kunashinda kushindilia kwa mkupuo. Shule zetu bado zinashindilia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mwanao elimu katika ibara ya 28, na mapumziko na michezo katika ibara ya 31. Haukusema moja imeze nyingine.

Kwa hiyo uliza shule imechagua mada zipi ambazo masomo ya mwaka ujao yatazitegemea, na zipi itaziacha. Wakisema watafundisha zote, hawajapanga. Kisha uliza nani atawasindikiza watoto wakitoka giza limeshaingia. Kama hakuna mwenye jibu la hilo, Jumamosi aende, jioni abaki nyumbani.