Wageni wa jukwaa, mke wa Greg si adui

Juzi nimekaa nyuma ya ukumbi nikitazama mazoezi ya Sylvia, mchezo wa A. R. Gurney kuhusu Greg, mkewe Kate na mbwa Sylvia anayechezwa na mwanamke, na mwigizaji wetu mpya wa mbwa anatambaa kwa magoti huku akilia "wau wau". Jamani, njooni tuongee kabla hayo magoti hayajaisha.

1. Mbwa huyu ni mwanamke mwenye maneno yake. Ndivyo Gurney alivyomwandika tangu onyesho la kwanza, 1995, hata akibweka anapaza "Hei! Hei!" Simama wima. Litamani kochi ulilokatazwa, kisha lipande.

2. Unayeigiza peke yako wahusika watatu, Tom, Phyllis na Leslie, panga maleba yako mwenyewe kabla watu hawajaingia.

3. Kicheko kikianza kushuka, sema. Usingoje kiishe.

4. Kate. Hapa nisikilizeni. Nilipouongoza mchezo huu mara ya kwanza nilimpenda mbwa kupita kiasi. Kila Kate alipoingia nilimwambia mwigizaji, "Kali zaidi!" Kate ni mwalimu, na mistari yake kuhusu wanafunzi na Shakespeare niliipunguza, nikidhani inachelewesha vichekesho. Usiku wa kwanza watu walicheka mpaka mapumziko. Kisha ikaja habari ya Kate kupata nafasi ya kwenda London, Greg anatakiwa kuchagua kati ya mke na mbwa, na ukumbi mzima ukawa unataka mke ndiye aondoke. Mtu wa safu ya tatu akapaza sauti, "Mwache huyo, baki na mbwa!" Wakampigia makofi. Nyuma ya jukwaa nilimkuta mwenzetu ameketi juu ya sanduku la vifaa, viatu vya Kate bado miguuni, akaniuliza, "Kwani huyu mama kakosa nini?" Sikuwa na jibu. Kalea watoto, wameondoka, zamu yake imefika, na mume anamletea mbwa bila kumuuliza. Yote hayo yalikuwa kwenye mistari niliyoikata. Maonyesho yaliyobaki aliyacheza vizuri, lakini hakuniangalia usoni.

5. Kuna aliyetaka tuifute mistari ya karantini, inayomzuia mbwa kwenda London nao. Ndugu yangu, miaka ile mbwa akiingizwa Uingereza alitengwa miezi 6. Ukiifuta, watu watauliza kwa nini wasisafiri naye, na ndoa haina tena cha kuamua.

Kesho Kate aje na mistari yote; nimeirudisha kwa kalamu nyekundu kwenye nakala zenu. Nawe mbwa wangu, pedi za magoti ziache nyumbani.