Jibu kwa dada wa Leicester: simiti isiguse nyumba ya bibi yako

Dada, simamisha kazi leo. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba nyumba ya marehemu bibi yako pale Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, imebambuka plasta sehemu ya chini, na ami yako amepata kontrakta wa kuipiga simiti yote, ndani na nje, kabla hujashuka na watoto Desemba. Unauliza kama bei aliyotaja ni ya haki. Halafu ukauliza ya treni kutoka Nairobi, ya kiingilio cha ngome ya Fort Jesus kwa watoto wenye pasipoti za Uingereza, na wapi mtalala kazi ikiendelea. Mimi nashika hilo la kwanza. Bei yoyote ya simiti kwenye nyumba ile ni hasara, hata akikupigia bure.

Nyumba yetu iko nyuma ya Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale huohuo, nayo ilipigwa simiti. Wakati huo mimi nilikuwa Sharjah, kazi za zamu, na kila mwisho wa mwezi natuma pesa nyumbani. Mama alikuwa analalamika kwamba ukuta wa ukumbini unatoa unga na unachafua mito. Akaja kontrakta mmoja, simu yake imejaa picha za majumba aliyojenga Nyali, akawaambia mama na ndugu zangu kwamba chokaa ni mambo ya wazee, ukuta ule unataka nguvu. Akabandua chokaa yote, akapiga simiti nzito kutoka sakafuni mpaka darini. Picha nilizotumiwa zilipendeza sana: ukuta umenyooka, kona zimekaa, rangi ya krimu. Ilikuwa kaskazi, jua kali, kila kitu kikavu.

Masika yalipoingia, rangi ikaanza kuvimba. Malengelenge makubwa, ukilibinya moja linapasuka na kumwaga unga mweupe. Tia ulimini: chumvi tupu. Doa la unyevu ambalo zamani lilikuwa chini ya goti likapanda mpaka kifuani. Ukigonga plasta kwa kifundo cha kidole, inalia mvungu. Kisha ikaanza kuanguka, na haikuanguka peke yake. Nyuma ya kila kipande kulikuwa na uso wa jiwe umeng'oka nao, matumbawe yenyewe, matundu yake unayaona. Ukuta uliokuwa mzima kabla ya babu yangu kuzaliwa ukawa unaliwa vipande vipande na kitu kilicholetwa kuuokoa.

Hilo bado halikuwa baya zaidi. Baya lilikuwa juu. Nyumba zetu dari yake inabebwa na boriti za mikoko, na vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta. Ndio maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana unafuata urefu wa boriti. Ukuta ulipokosa pa kutolea maji, vichwa vile vikalowa, vikakaa na unyevu, vikaoza. Kwa nje boriti inaonekana nzima, nyeusi, ngumu; ukipeleka bisibisi pale inapoingia ukutani, inazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Sakafu ya juu ikabonyea. Mama akahamishwa usiku kwenda kwa dada yangu Majengo, na kuibadilisha dari nzima kukala pesa ambayo ingetununulia ploti Kisauni.

Sasa sikiliza sababu, ili ami yako akikubishia uwe na la kumwambia. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta maji kutoka ardhini, na kwetu maji hayo yana chumvi, na hewa ya bahari inaongeza yake. Chokaa ina vinyweleo. Maji yanapita, yanakauka juu ya uso, chumvi inatoka nje, plasta ya chokaa inachakaa taratibu, unaibandua sehemu ile unapaka upya. Hiyo ndiyo kazi yake, ichakae yenyewe jiwe libaki. Simiti inaziba. Maji yanakwama nyuma yake, yanatafuta njia ya juu, na chumvi inaganda ndani ya ukuta, inatanuka, inapasua jiwe. Tena simiti ni ngumu kuliko matumbawe, kwa hiyo kinachovunjika ni jiwe la bibi yako. Unga aliouona mama kwenye mito ulikuwa ukuta unapumua kama ulivyojengwa upumue. Ulihitaji kupakwa chokaa mpya, basi.

Na yule kontrakta? Alipopigiwa simu alisema nyumba ilikuwa mbovu tangu mwanzo, kisha akazima simu. Watu hawa nawakasirikia mpaka leo, na sitaona haya kusema. Wamejifunza kujenga kwa matofali ya simiti, jambo jema mahali pake, halafu wanaingia Mji wa Kale na ujuzi uleule bila kumuuliza mtu. Na wanapenda sana nyumba za watu walio nje. Wanajua unahukumu kwa picha, na ukuta wa simiti siku ya kwanza hupiga picha nzuri kuliko wa chokaa. Wanajua ami hana moyo wa kumwambia mtoto wa ndugu yake kwamba pesa yake imetiwa maji. Ami yako si mwizi, sisemi hivyo. Ndugu zangu pia hawakuwa wezi. Waliongopewa na mtu aliyezungumza kwa kujiamini.

Kwa hiyo nakwambia: simiti isiguse ukuta ule. Isiguse hata kidogo, na hapo kwenye "kidogo" ndipo fundi atakapokukamata. Atasema, "Naweka chokaa, natia simiti kidogo tu ishike haraka." Huyo mwondoe. Fundi wa kweli muulize anavyozima chokaa kwa maji, anaiacha kwenye maji muda gani kabla ya kuitumia, na mchanga anautoa wapi. Akikwambia anachota ufukweni bila kuuosha, anakuletea chumvi nyingine. Akikwambia anapaka tabaka jembamba, analinyunyizia maji, analifunika kwa gunia bichi lisikaushwe na jua, kisha anasubiri kabla ya tabaka la pili, huyo mshike. Kazi yake itakwenda polepole. Haitakwisha kabla ya Desemba, na iwe hivyo. Bora watoto waione nyumba ya bibi yao imebambuka kuliko kuiona imepakwa vizuri na inaoza ndani.

Kabla ya plasta yoyote, mtu apande akague paa na bomba za bafuni. Mara nyingi maji yanatoka juu kwenye bati lililotoboka, na watu wanalaumu msingi. Na kama kontrakta ameshaanza, simiti itolewe kwa tindo na nyundo ndogo, kwa mkono, bila mashine ya kutetemesha, kisha ukuta uachwe wazi ukauke kiangazi kizima.

Jambo lingine, ambalo huenda ami yako halijui: Mji wa Kale ulitangazwa rasmi eneo la uhifadhi mwaka 1990, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda maeneo kama hayo. Hubomoi wala hubadilishi nyumba kwa hiari yako. Unapitia ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, na kibali cha kaunti bado kinahitajika. Watu wengi wanaikimbia ofisi ile wakidhani ni ya kuwazuia tu. Ifuate. Mwombe mtu aje autazame ukuta kabla hujatuma hata shilingi. Waulize pia ni mafundi gani wanaojua chokaa. Tazama Fort Jesus: ilianza kujengwa 1593, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni matumbawe yaleyale ya nyumba ya bibi yako. Lakini ngome peke yake bila nyumba za watu kuizunguka ni nini? Urithi wenyewe ni nyinyi, na mabaraza yenu, na milango yenu.

Treni ni nzuri kwa watoto, ila kateni tiketi mapema sana, Desemba inajaa, na inaishia Miritini, si mjini, kwa hiyo pangeni gari la kuwapokea.

Mwambie ami apige picha ya chini ya ukuta wa ukumbini, na nyingine pale boriti zinapoingia ukutani, kwa mwanga wa mchana, kisha uziweke hapa leo. Kontrakta asilipwe chochote kabla hatujaziona.