Besi kupotea kwenye krosova
Mkuu, kama besi inanywea pale tu sabu (spika za besi) na topu (spika za sauti za kati na za juu) zinapopiga pamoja, usikimbilie ikwalaiza. Umesema sabu ziko mita 2 mbele ya topu. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde, basi zicheleweshe sabu milisekunde 5.8 hivi. Krosova, yaani kigawanyio cha sauti kati ya sabu na topu, iwe Linkwitz-Riley 24 (kichujio kinachokata desibeli 24 kwa oktava), 100 Hz, kwa sabu na kwa topu. Sasa piga toni ya 100 Hz, geuza chanya na hasi za sabu kwenye prosesa (kifaa cha kupanga sauti), sogeza dilei (ule ucheleweshaji) kidogo kidogo mpaka sauti ife kabisa, kisha rudisha chanya na hasi zilivyokuwa, dilei uiache hapo. Usiende mbali na 5.8, maana wimbi hilo hujirudia kila milisekunde 10, hivyo sauti inaweza kufa hata kwenye dilei isiyo sahihi. Na zile limita (mipaka ya kulinda spika) za rafiki yako ulizoulizia, usizinakili, ampu zenu si moja.