Chupa iliyo kabatini

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema daktari amekuandikia mafuta ya bangi kwa yale maumivu ya neva, na sheria ya huko uliko inaruhusu, lakini chupa imekaa kabatini wiki mbili kwa sababu mzee wa kanisa alikuambia ukiionja umeiacha imani. Unaniuliza, "Mama, ni dhambi?"

Sioni dhambi, mwanangu.

Unaikumbuka miezi ya mwisho ya baba yako? Saa tisa usiku nilikuwa nawasha taa ndogo, navuta morfini, ile dawa kali ya maumivu, kwa bomba lisilo na sindano, namtilia shavuni taratibu asipaliwe. Vidole vilivyokuwa vimekamata shuka vilianza kulegea kimoja kimoja. Asubuhi aliniomba nimsomee Zaburi. Wazee walikuja kumwombea, chupa iko pale pale mezani, na hakuna aliyenung'unika. Na morfini hutokana na afyuni! Iweje hiyo iwe rehema, na mafuta yako yawe ya shetani?

Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo "kwa ajili ya tumbo lako, na magonjwa yakupatayo mara kwa mara." Ndiye huyo huyo aliyewakataza Waefeso kulewa. Alitenganisha tiba na ulevi, na hapo ndipo ninaposimama. Mwaka 2014 Papa Francis alikataa kuhalalishwa kwa dawa za kulevya za starehe. Wamethodisti wa kanisa la United Methodist nao hawataki bangi ya starehe, lakini wanaunga mkono ile ya matibabu. Wapo wanaoshika Wagalatia 5, kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa "uchawi" lina asili moja na neno dawa. Basi hata panadoli tuitupe? Ukiisoma orodha yote ya dhambi iliyo pale, inasema juu ya uovu, haisemi juu ya mgonjwa anayetafuta nafuu.

Lakini sikufichi ninachokiogopa. Mwaka 2017 jopo la wanasayansi wa Marekani lilikubali kwamba bangi huwapunguzia watu wazima maumivu sugu. Halikusema inaponya kila kitu, na ukikutana na anayekuuzia kwa maneno hayo, mkimbie. Ndani ya bangi, kemikali iitwayo THC ndiyo inayolevya, kwa hiyo muulize daktari ni kiasi gani kimo ndani, na usishike usukani. Nyingine, CBD, hailevyi, ila inaweza kuzidisha mwilini nguvu ya warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Bado unaimeza warfarini? Mwambie daktari. Moshi sitaki kabisa, una mapafu ya babu yako.

Paulo alisema pia, "sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Siku utakayoitamani na huumwi, niambie mimi kabla ya mtu yeyote.

Mzee yule usimjibu kwa hasira. Hajawahi kukusikia ukihema kwenye simu, ukishindwa kumaliza sentensi. Mimi nimekusikia.

Leo usiku ukishakula, nipigie ndipo uifungue. Tutaomba pamoja, kisha nitabaki kwenye simu mpaka usinzie.

Mama yako