Kituo cha elimu ya sayansi na hisabati chuoni: kiwe chini ya nani?

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa fizikia katika chuo kikuu kishiriki hapa Tanzania. Uongozi umenipa kazi ya kuandika andiko la kuanzisha Kituo cha Elimu ya Sayansi na Hisabati. Mfadhili tunaye, wa miaka mitatu, na rasimu ya kwanza ina jengo la ghorofa mbili, maabara na chumba cha kompyuta. Tumekwama mahali pamoja: wenzetu wa elimu wanataka kiwe kwao, sisi wa sayansi tunataka kiwe kwetu. Kikae wapi, na tuanze na watumishi gani?

JIBU: Mhadhiri mwenzangu, ghorofa hizo mbili zitoe kwanza kwenye rasimu. Mfadhili atalijenga jengo haraka, utepe utakatwa, kisha mkataba ukiisha chuo kitabaki na funguo. Kinachokufa mapema kwenye vituo vya aina hii ni ikama (nafasi za watumishi zilizoidhinishwa) na kasma (fungu la bajeti), kwa hiyo andiko lako lianzie huko.

Mvutano wenu na watu wa elimu nauelewa, na pande zote mbili zina hoja. Kituo kikiwa chini ya Shule Kuu ya Elimu, walimu wa hisabati na fizikia watakiona cha jirani. Watakuja kwenye uzinduzi, wale chakula, warudi. Kikiwa chini ya Ndaki ya Sayansi, ufundishaji utachukuliwa kama kazi ya ziada ya yule aliyeshindwa utafiti "wa kweli". Wengine hukimbilia kukiweka chini ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa taaluma (kwa chuo kishiriki, Naibu Rasi) ili kiwe huru. Uhuru huo una gharama yake: kituo kisicho na kozi hakina wanafunzi, na kisicho na wanafunzi hakina hoja ya kuombea bajeti.

Ushauri wangu: mkurugenzi awajibike kwa Naibu Rasi, bodi iwe na wakuu wa pande zote mbili, lakini kituo kipewe kozi zake ndani ya shahada ya sayansi na elimu mliyo nayo tayari. Msianze na shahada mpya, maana hiyo itawapeleka Tume ya Vyuo Vikuu kutafuta ithibati na muda wa mfadhili utaishia njiani. Mbinu za kufundisha hisabati, mbinu za kufundisha fizikia, maandalizi ya mazoezi ya kufundisha: hizo zihamishieni kituoni, wahadhiri wa idara zote mbili wazifundishe pamoja.

Mfano ninaoupenda ni UTeach, programu ya kuandaa walimu wa sayansi na hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Marekani, iliyoanza 1997. Mary Ann Rankin, aliyekuwa amidi wa sayansi asilia, hakusubiri watu wa elimu wamletee walimu. Ndaki yake ikashirikiana na ile ya elimu, wakaita walimu wazoefu wa sekondari kuja kubuni programu, na baadhi yao wakaajiriwa chuoni kufundisha na kuwasimamia wanafunzi madarasani. Mwanafunzi wa sayansi anaingia darasani mapema kabisa, akianza na shule ya msingi, ili ajue mapema kama kazi hii anaiweza. Mpango huo ulianza kuigwa na vyuo vingine mwaka 2007, na leo umefika vyuo zaidi ya 40.

Hao walimu wazoefu ndio kiini cha jibu langu kuhusu watumishi. Mtaalamu wa aljebra hatakuambia kwa nini mtoto wa Kidato cha Kwanza anajumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano. Ataona kosa, atasahihisha, basi. Mwalimu aliyekaa darasani miaka ishirini anajua mtoto huyo anaziona namba za juu na za chini kama hesabu mbili tofauti, na anajua swali la kumuuliza. Kwenye fizikia yako ni hivyo hivyo: balbu mbili zikifungwa mfululizo, wanafunzi wengi huamini umeme "unaliwa" na ya kwanza, kwa hiyo ya pili itafifia. Kulitoa wazo hilo kunahitaji betri, waya na balbu mbili zinazofanana, na mtu anayejua kwamba wazo hilo lipo. Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliupa ujuzi wa namna hii nafasi yake katika taaluma mwaka 1986, na kituo chenu kisipokuwa nao kitakuwa idara nyingine tu yenye kibao kipya.

Hapa mtagonga ukuta wa utumishi. Masharti ya ajira za wanataaluma vyuoni yanadai GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kwa shahada ya kwanza, na mwalimu bora wa hisabati wilayani kwenu huenda ana 3.1. Msipigane na waraka. Ombeni aazimwe kutoka kwa mwajiri wake kwa muda maalumu, mshahara ubaki kule, kituo kigharamie posho na usafiri. Wawili wanatosha kuanzia, mmoja wa hisabati na mmoja wa sayansi, pamoja na fundi sanifu wa maabara. Wahadhiri wenu wapewe barua za uteuzi wa pamoja (idarani na kituoni) zinazotaja saa ngapi kwa wiki zinahesabiwa kwenye mzigo wao wa kufundisha, na kwamba makala zao za utafiti wa ufundishaji zitahesabiwa wakati wa kupandishwa cheo. Bila sentensi hiyo ya mwisho, mhadhiri kijana mwenye akili hatakuja, na mimi singemlaumu.

Kuhusu fedha, angalieni Kenya. Mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari, ulioanza 1998 kwa msaada wa JICA (shirika la misaada la Japani), na ambao umezaa CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu wa masomo hayo pale Karen, Nairobi, ulikuwa na mpango wa fedha za ndani tangu mapema: mafunzo ya walimu wilayani yalichangiwa kutoka kwenye ada za shule. CEMASTEA si kituo cha chuo kikuu, lakini somo hilo linawahusu. Chuo kiweke kasma ya kituo kuanzia mwaka wa kwanza, hata kama ni ya chaki na dizeli, na ikue kadiri ya mfadhili inavyopungua.

Kazi ya kwanza msiitafute mbali. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, bure, na wasomaji wake ni wachache mno. Hisabati ya Kidato cha Nne inafelisha takribani watatu kati ya wanne. Chagueni mada moja, shule tano za karibu, mwaka mmoja. Waingizeni walimu wa shule hizo kupitia jumuiya zao za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) badala ya kubuni semina mpya. Andaeni somo pamoja, mmoja alifundishe, wengine watazame wanafunzi wanavyoandika, kisha mlirekebishe. Msikwepe suala la lugha: mtoto aliyejifunza kugawanya kwa Kiswahili miaka saba anakutana na Kiingereza Januari ya Kidato cha Kwanza, na sehemu ya kinachoitwa udhaifu wa hisabati ni hiyo.

Andiko likienda kwenye vikao, ambatisha rasimu ya barua ya uteuzi wa pamoja na barua ya halmashauri ya kukubali kuazima walimu wawili. Mchoro wa jengo uache ofisini.