Nalipwa kripto na sina akaunti ya benki. Nitaweza?

SWALI: Dada, salaam. Mimi hutafsiri nyaraka na wateja wangu wote wako nje ya nchi. Tangu mwaka jana wananilipa kwa kripto, yaani sarafu za kidijitali, nusu Bitcoin na nusu USDT. Akaunti ya benki niliifunga baada ya kuchoshwa na makato. Rafiki zangu wanasema nimejitia kitanzi. Nina mtoto mmoja na nimepanga nyumba. Je, inawezekana kuishi bila benki kabisa? – Mtafsiri

JIBU: Mdogo wangu, rafiki zako wametia chumvi. Nimeishi hivyo miezi kumi na minne, kodi ya nyumba nikalipa na watoto hawakulala njaa. Ila hilo neno “kabisa” ndilo linalonipa hofu.

Hebu fuata safari ya mshahara wako. Mwenye nyumba hataki Bitcoin, kwa hiyo unamtafuta mtu wa kuinunua. Naye anakulipa pesa iliyotoka wapi? Kwenye akaunti yake. Kumbe bado unaitegemea benki, ila akaunti ni ya mtu mwingine.

Mimi nilikuwa na mnunuzi mmoja tu, mwaminifu, miezi saba hatukuwahi kukwaruzana. Mwezi wa nane akaunti yake ikafungiwa kwa uchunguzi, zimebaki siku mbili nilipe kodi. Kripto ninayo kwenye simu, naiona kabisa, na haininunulii hata siku moja ya kukaa. Nilikopa kwa dada yangu. Baada ya hapo nikatafuta wanunuzi watatu, nikaweka kando fedha taslimu za kodi ya miezi miwili. Hiyo akiba ianze mwezi huu, hata kidogo kidogo.

Unapouza, usiachie kripto kwa kuonyeshwa picha ya muamala wala ujumbe wa simu. Angalia salio lako mwenyewe, uone pesa imeingia. Muamala wa kripto ukishathibitishwa haurudi, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Ile nusu ya Bitcoin, toa fungu la matumizi ya mwezi na ulibadilishe siku ileile inapoingia. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilikuwa chini ya 16,000. Mwenye akiba ya miaka anaweza kuvumilia, mwenye karo ya mwisho wa mwezi hawezi. USDT thamani yake imefungwa kwa dola, moja kwa moja, na ni afadhali sana, lakini sarafu za aina hiyo nazo huyumba. Machi 2023, USDC, sarafu nyingine iliyofungwa kwa dola, ilishuka chini ya senti 90 kwa sababu dola bilioni 3.3 za dhamana yake zilikuwa zimekwama Silicon Valley Bank ilipoanguka. Benki tena, unaona! Bei ilirudi baada ya siku chache, ila waliolazimika kuuza Jumamosi ile walikula hasara.

Kuhusu ada sina mengi. Kama USDT yako iko kwenye mtandao wa Tron, weka TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo inayolipia ada. Kama iko kwenye mtandao wa Ethereum, weka ether, sarafu yake. Bila hivyo pochi nyingi, yaani programu za kutunzia kripto kwenye simu, zitakuonyesha pesa usiyoweza kuisogeza.

Linalonisumbua zaidi hukuligusa kwenye barua yako: maneno yako ya siri, yale yanayoirudisha pochi simu ikipotea, yako wapi? Yangu kumi na mawili niliyaandika kwa kalamu ya wino, nikaikunja karatasi chini ya nguo kabatini. Dari likavuja. Nilipoifungua, wino ulikuwa umesambaa, na neno la tisa zilisomeka herufi nne tu za mwanzo. Mikono ilinitetemeka. Kilichoniokoa ni kwamba maneno hayo hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048 iliyopangwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kulitambua kila neno. Zingebaki mbili, ningehangaika kubahatisha.

Sasa nayaandika kwa penseli, karatasi mbili, nyumba mbili. Usiyapige picha kwa simu. Wala usikimbilie kuziacha pesa zote kwenye soko la kubadilishia ili kukwepa mzigo huo. Wateja wa soko la FTX walifanya hivyo, na Novemba 2022 wakajikuta hawawezi kutoa chochote.

Kwa hiyo fungua tena akaunti ndogo yenye jina lako, hata kama ni ya kupitishia kodi na karo tu. Makato yanaudhi, najua, ila wewe una mtoto. Mwambie pia mtu mmoja unayemwamini mahali karatasi ilipo, kwa sababu ukilazwa hospitalini hakuna mwingine atakayeweza kuifungua pochi hiyo.

Na kabla malipo yajayo hayajaingia, chukua simu ya pili unayoiamini, uirudishe pochi yako humo kwa kusoma maneno kutoka kwenye karatasi, neno moja moja. Salio likionekana, niandikie.